FFARS kwa shule ndogo ya kijijini: inasaidia wapi, inaishia wapi

FFARS ni mfumo wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha ambao OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa) iliupeleka kwenye shule, zahanati na vituo vya afya kuanzia mwaka 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na USAID. Tathmini hii inautazama kutoka mahali pamoja tu: shule ya msingi ndogo ya kijijini, yenye wanafunzi 150 hadi 450, isiyo na mhasibu, ambako mwalimu wa hisabati wa darasa la sita ndiye huyohuyo anayeandaa hati za malipo. Kwa shule ya namna hiyo, FFARS ni nzuri kwa kuweka kumbukumbu za fedha na kupeleka taarifa juu halmashauri. Kwa kuilinda fedha isipotee, na kwa kuwaonyesha kamati na wazazi ilikokwenda, haitoshi. Shule inayoiachia kazi hiyo yote ndiyo ambayo mkaguzi wa ndani huiandikia hoja.

Tuanze na fedha zenyewe, maana mfumo hauwezi kuwa bora kuliko kile kinachoingizwa. Ruzuku ya uendeshaji chini ya elimumsingi bila malipo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na hazifiki shuleni. Zinazofika ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi. Shule ya wanafunzi 180 inapata 90,000 kwa mwezi. Ya wanafunzi 420 inapata 210,000. Kwenye akaunti hiyohiyo huingia posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, 200,000 kwa mwezi. Kwa hiyo taarifa ya benki ya ile shule ya wanafunzi 180 inaweza kusoma 290,000, na hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa: anayeandika mapokezi anaiweka yote kwenye ruzuku. Baada ya miezi mitatu ruzuku inaonekana imezidi kwa 600,000, na posho inaonekana imelipwa bila chanzo. Kabla ya kuandika mapokezi yoyote, zidisha idadi ya wanafunzi mara 500. Kinachobaki juu ya hapo kina jina lake jingine. Kama jina hilo halijulikani, aulizwe mweka hazina wa halmashauri kwanza, na fedha isiguswe.

Idadi hiyo ya wanafunzi ni ile iliyo kwenye takwimu za serikali, siyo waliokaa darasani leo. Shule yenye wanafunzi 312 ambayo takwimu zake bado zinasema 280 inakosa 16,000 kila mwezi, sawa na 192,000 kwa mwaka. FFARS haitakwambia hilo, kwa sababu yenyewe inaona fedha iliyofika tu. Kuhuisha takwimu kwa wakati ni kazi ya fedha kama kazi nyingine yoyote ya fedha, na mwenyekiti wa kamati ana haki ya kuuliza kila mwanzo wa mwaka: namba iliyopelekwa ni ipi?

Sasa mfumo. Nguvu yake kubwa ni kwamba haukubali matumizi yasiyo na kwao. Kila malipo lazima yaeleze chanzo cha fedha, shughuli iliyo kwenye mpango, na kasma, yaani fungu la matumizi, kwa namba yake ya GFS (uainishaji wa fedha za serikali) yenye tarakimu nane. Karatasi, kalamu na shajala nyingine, kwa mfano, ni 22001101. Posho ya safari ya ndani ni 22010105. Mwanzoni walimu huona huu ni usumbufu, lakini ndio unaoiokoa shule siku mkaguzi anapouliza ruzuku ya robo ya pili ilitumikaje. Pia unailazimisha shule kupanga mapema. Mpango na bajeti vinatoka PlanRep, mfumo wa kuandalia mipango na bajeti, vikiwa vimeingizwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Shule ambayo Februari haikuandika ukarabati wa paa, na Novemba upepo ukaezua bati, itakuta fedha ipo benki lakini shughuli haipo kwenye mpango. Hapo kinachofuata ni kuomba uhamisho wa fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, kwa barua na muhtasari wa kikao cha kamati, kupitia kwa mkurugenzi. Hilo linachukua muda. Ushauri wetu ni kuweka ukarabati mdogo kwenye mpango kila mwaka hata kama majengo ni mapya.

Mtiririko sahihi wa malipo moja ni huu: dokezo la maombi kutoka kwa mwalimu mhusika, idhini ya mwalimu mkuu baada ya kuangalia salio la kasma, ununuzi, mapokezi ya vifaa, ankara na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), hati ya malipo, hundi au uhamisho wa benki wenye saini za kundi A na kundi B (makundi mawili ya watia saini wa akaunti), halafu kuingiza kwenye FFARS na kwenye daftari la fedha. Kinachoharibika zaidi ni mpangilio. Fedha inatolewa kwanza, vinanunuliwa vitu, na wiki tatu baadaye hati inaandikwa ili ifanane na risiti. Kwenye mfumo kila kitu kitaonekana kimenyooka, ila tarehe zitasema. Dokezo la tarehe 20 kwa hundi ya tarehe 4 ni hoja ya ukaguzi isiyo na majibu.

Mfumo una pia upande wa vitabu vya mkono kwa vituo visivyo na umeme au mtandao, na hili tunalipongeza kwa moyo mmoja. Shule ya mbali isijilazimishe kufanya kila kitu kwenye kompyuta. Andika vitabu kila siku ya muamala, kisha ingiza kwenye mfumo mtandao unapopatikana, kwa mfano kwa mratibu elimu kata au makao makuu ya wilaya. Hatari iko kwenye kuacha vitabu kwa kisingizio kwamba taarifa ziko kwenye mfumo. Mtandao ukikatika tarehe 28 Juni, shule isiyo na daftari haina namna ya kufunga mwaka.

Gharama ya kuifikia fedha ni jambo ambalo hakuna mfumo unaolitaja. Chukua shule ya 90,000 kwa mwezi. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi benki ni 16,000 kwa mtu, na watia saini ni wawili. Safari moja imekula 32,000, zaidi ya theluthi ya ruzuku ya mwezi. Shule ndogo isiende benki kila mwezi. Ikusanye mahitaji ya robo mwaka, ichague mzabuni aliye mjini ilipo benki, imlipe moja kwa moja kwenye akaunti yake, na siku hiyohiyo ichukue taarifa ya benki ya miezi mitatu. Fedha taslimu mkononi zibaki kidogo kabisa, kwa mambo ambayo kweli hayalipiki kwa njia nyingine. Shule kubwa haihisi mzigo huu, lakini kwa shule ndogo ndio unaoamua kama kutakuwa na karatasi za mitihani ya muhula.

Taarifa hiyo ya benki ndiyo chakula cha usuluhishi wa kibenki, yaani kulinganisha daftari na benki, kazi inayorukwa kuliko zote. Tuoneshe kwa namba. Daftari la fedha linasema salio ni 486,500. Benki inasema 611,300. Tofauti ni 124,800, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba benki imekosea. Fungua hundi zilizotolewa: ipo moja ya 130,000 ambayo mzabuni hajaipeleka benki. Ukiitoa kwenye 611,300 unapata 481,300. Pitia taarifa ya benki mstari kwa mstari: kuna makato ya benki 5,200 ambayo hayamo kwenye daftari. Ukiyatoa kwenye 486,500 unapata 481,300. Zimekutana. Makato yaingizwe kwenye daftari na kwenye FFARS kwa tarehe yake, hundi ifuatiliwe, na karatasi ya usuluhishi isainiwe na aliyeiandaa na mwingine aliyeikagua. Ni kazi ya nusu saa kama inafanywa kila mwezi au kila robo. Ikisubiri Juni inakuwa ya siku nzima, na kwa kawaida wakati huo tayari kuna muamala ambao hakuna anayeukumbuka.

Kuhusu manunuzi, mambo matatu hushika shule ndogo. Duka la kijijini mara nyingi halina mashine ya EFD. Mzabuni au fundi asiyesajiliwa NeST hawezi kupewa kazi kupitia mfumo huo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Na kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye bidhaa husahaulika: ankara ya 350,000 kabla ya VAT ina zuio la 7,000, mzabuni analipwa 343,000, na hizo 7,000 zinakwenda TRA kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mweleze mzabuni kabla hajakupa bei, vinginevyo ataongeza 7,000 hizo juu au mtagombana siku ya malipo.

Tufike kwenye udhaifu mkubwa. FFARS inaona fedha, haioni mifuko ya saruji. Mwishoni mwa 2021, kwenye mpango wa UVIKO-19, serikali ilipeleka fedha za madarasa kwa kiwango cha shilingi milioni 20 kwa chumba. Shule iliyopata vyumba viwili ilishika milioni 40, na mwalimu mkuu aliyezoea 90,000 kwa mwezi alitakiwa kuzisimamia kwa utaratibu uleule. Malipo ya mifuko 100 yanasomeka sawasawa kwenye mfumo, iwe imefika 100 au 92. Kinachotofautisha ni kamati ya mapokezi iliyosimama nyuma ya lori ikahesabu, na leja ya stoo.

Leja yenyewe si kitu kigumu. Ukurasa mmoja kwa kila aina ya kifaa: tarehe, kimetoka au kimekwenda wapi, kilichoingia, kilichotoka, baki, saini. Tarehe 11 imeingia mifuko 100, baki 100. Tarehe 12 fundi amechukua 14 kwa ajili ya msingi, baki 86, amesaini. Jioni yoyote mjumbe wa kamati anaweza kufungua stoo, akahesabu 86, akaenda nyumbani. Ubora wa udhibiti huu ni kwamba hauhitaji nywila wala kisomo kikubwa. Kwenye ujenzi wa force account, yaani shule kujenga yenyewe kwa mafundi badala ya mkandarasi, kamati ni tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wasirudiwe. Kijiji kidogo kitasema hakina watu wa kutosha. Wapo. Mama anayeuza dagaa gulioni anajua kuhesabu magunia kuliko wengi wetu, na apewe nafasi ya mapokezi.

Kwa kamati ya shule, ambayo Sheria ya Elimu ya 1978 inaitambua, FFARS ni dirisha lililo juu mno. Wajumbe hawana akaunti ya kuingilia, na taarifa iliyochapwa ikiwa na namba za GFS haiwaambii kitu. Mwalimu mkuu aandae karatasi moja ya robo mwaka kwa Kiswahili cha kawaida: salio anzia, fedha iliyoingia kwa kila chanzo, matumizi makubwa yakitajwa kwa majina yake (chaki, karatasi za mitihani, vitasa vya madarasa), salio ishia, na madeni. Salio ishia lifanane na la FFARS mpaka shilingi ya mwisho. Isomwe kikaoni, iingie kwenye muhtasari, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji. Tangu agizo la Januari 2018 lililowaondoa walimu kwenye ukusanyaji wa michango, mzazi anayeombwa kuchangia chakula au dawati anataka kwanza kuona ruzuku ilifanya nini. Karatasi hiyo ndiyo jibu lake.

Jambo la mwisho ni nywila. Mahali pengi mwalimu mmoja anaingiza muamala na kuuidhinisha, kwa sababu mwalimu mkuu amempa nywila yake. Hapo kinga yote ya mfumo imekwisha. Anayeandaa asiwe anayeidhinisha, na anayetunza kitabu cha hundi asitunze leja ya stoo. Shule yenye walimu watano inaweza kuligawa hilo bila shida.

Na mwalimu mkuu anapohamishwa, makabidhiano yafanywe mbele ya mratibu elimu kata na mwenyekiti wa kamati, yakihusisha: usuluhishi wa benki wa siku hiyo, namba ya hundi ya mwisho iliyotumika na ya kwanza isiyotumika, leja ya stoo iliyohesabiwa, orodha ya madeni, kufungwa kwa akaunti yake ya FFARS na kufunguliwa ya anayeingia. Barua ya kubadilisha watia saini ipelekwe benki wiki hiyohiyo. Ikichelewa, ruzuku itaendelea kuingia, na hakuna atakayeweza kuitoa mpaka aliyehama asafiri kurudi kusaini.