CD ipi ununue kufufulia kompyuta kuukuu, kwa walio Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, naletewa kompyuta za mezani zilizolala stoo mwaka mzima. Nyingi ni Pentium 4 yenye ramu ya MB 512, na bayosi yake, ile programu inayoiamsha mashine, haijui kuanza na flashi. Mwenyewe anafika na flashi mkononi, amepakua Linux, mfumo endeshi wa bure, usiku kucha kwa bando lake, mashine haioni kitu. Huyo anahitaji CD, na CD hazifanani. Nazipanga kwa jinsi ninavyozinunua mimi.

Ya kwanza ni CD-R ya kawaida ya MB 700, ile inayoandikwa mara moja tu. Sababu ni mwanga. CD-R hukirudishia kisomaji asilimia 65 au zaidi ya mwanga wa leza, wakati CD-RW, ile inayofutika, hurudisha kati ya 15 na 25. Lenzi iliyokula vumbi miaka kumi na tano, na chumvi ya upepo wa Shangani, ufukweni Mtwara, juu yake, inahitaji mwanga wote inaoweza kuupata. Dukani igeuze uitazame chini: ikiwa na mikwaruzo au madoa pembeni, rudisha. Zilizopangwa dirishani zikipigwa na jua usizichukue kabisa, maana jua huharibu ile rangi inayobeba data. Nunua tano, si moja. Kuharibu moja wakati wa kuchoma, yaani kuiandika, ni jambo la kawaida.

Kabla ya kulipa, tazama ukubwa wa faili lako la ISO, lile moja ulilopakua lenye Linux nzima ndani. Tiny Core, Linux ndogo sana, inaingia na nafasi tele inabaki. Ubuntu, Linux nyingine, imeshapita ukubwa wa CD tangu toleo la 12.10 la mwaka 2012. Debian 13 ya 2025, nayo Linux, haina tena kisakinishi cha biti 32, na kwa kuwa Pentium 4 nyingi ni za biti 32, hazitaifaidi. Rudi kwenye Debian 12.

Kuchoma ndiko kunakowaangusha wengi. Wanaliburuta faili la ISO kwenye CD kama wimbo, kisha wanalaumu CD. Tangu 1995 kuna utaratibu unaoitwa El Torito, unaoiambia bayosi ianzie wapi ndani ya CD, na maelezo hayo yamo ndani ya ISO yenyewe. Lazima ISO ichomwe kama taswira nzima: kwenye Windows 7 na kuendelea bofya faili kwa kitufe cha kulia, au tumia ImgBurn, au Brasero kwenye Linux. Weka kasi ya 16x au chini yake. 16x inamaliza CD nzima kwa dakika tano hivi. Kisha ifungue CD hiyo kwenye kompyuta. Ukiona faili moja tu la .iso umekosea, ukiona mafolda mengi umepatia.

Ya pili ni DVD-R, kama draivu ya mashine inasoma DVD. Inabeba GB 4.7.

Ya tatu ni CD-RW. Inavutia kwa kuwa inafutika na kuandikwa tena, na kwa kujifunzia sina neno nayo. Lakini ziliingia sokoni 1997, na visomaji vya kabla ya hapo havikuundwa kwa ajili yake.

Ya nne ni flashi ikisaidiwa na CD: choma Plop, programu ndogo inayoanza kwenye CD kisha inamkabidhi flashi kazi. Imeniokoa ambapo ISO ilikuwa kubwa kuliko CD.

Zilizochomwa tayari na kuuzwa mitaani sizipangi popote. Hujui nini kimeongezwa ndani.

Mwenye mashine nzito ya kazi, kama ya kampuni ya Sun yenye prosesa ya SPARC, asifuate El Torito, haitumiki huko. Atafute ISO ya SPARC, mfano ya NetBSD, mfumo endeshi mwingine wa bure, na draivu inayokubali vipande vya baiti 512, kwani za kawaida hutoa baiti 2048 na Sun za zamani hazizielewi. Akiona neno ok kwenye skrini likisubiri amri, aandike boot cdrom.

Kama mpakato wako hauna draivu, usikimbilie kununua ya nje kwa kazi ya siku moja. Nenda steshenari yenye draivu ya kuchomea, ukiwa na flashi na CD-R zako mwenyewe.

Walio Nachingwea, Lindi au Newala wakiagiza kwa basi, waombe ziwekwe kwenye kasha gumu, na kondakta asiziache juu ya dashibodi.