Miezi 14 juu ya fiksi: gia moja, bila friwili, Peckham hadi ng'ambo ya mto

Baiskeli hii niliinunua mkononi, pauni 280, kwenye duka dogo lililo chini ya tao la reli kusini mwa London. Haina jina. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikwangua maandishi yote kwenye fremu ili wezi wasijue thamani yake, ikabaki chuma cheusi kitupu. Gia moja. Hakuna keria, hakuna madigadi, hakuna stendi, hakuna kifuniko cha cheni. Na kubwa kuliko yote, haina friwili. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka. Ukizizuia pedali, umelizuia gurudumu. Huku wanaiita fiksi. Nimeiendesha miezi 14, mvua na jua, kwenda kazini na kurudi, na naandika kwa sababu ndugu kadhaa wa kwetu wameniuliza kama nao wanunue. Jibu langu ni ndiyo. Lakini yapo mambo ambayo muuzaji hatakuambia, na moja lilikaribia kunivunja meno.

Gia moja si ngeni kwangu. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, na Tanga ni mji wa baiskeli: ardhi tambarare, barabara zimenyooka, utamkuta mwalimu juu ya baiskeli, muuza samaki, mama na mwanawe nyuma kwenye keria. Nilijifunzia Phoenix ya baba, mguu mmoja nimeupitisha ndani ya fremu chini ya bomba la juu kwa sababu siti sikuifikia. Lakini Phoenix ina friwili. Ukichoka unatuliza miguu, inajiendea, nyuma kunalia tik-tik-tik na wewe unaamkia watu njiani. Mazoea hayo ndiyo yaliyonitesa. Siku ya kwanza nimetoka dukani na fiksi, nimefika kwenye mteremko mdogo, nikatuliza miguu. Pedali hazikukubali. Zilininyanyua kwenye siti kana kwamba mtu amenishika visigino akanirusha juu, nikaenda kuegemea ukuta wa nyumba ya watu huku natetemeka.

Kwa hiyo usijifunzie barabarani. Nenda Herne Hill. Uwanja wa baiskeli wa Herne Hill upo tangu 1891, umejificha nyuma ya nyumba za watu, na ukipita nje hujui kama kuna kitu. Hapo ndipo zilipofanyika mbio za uwanjani za Olimpiki ya 1948, na hapo Bradley Wiggins, mwendesha baiskeli maarufu wa Uingereza, alianza kushindana akiwa na miaka 12. Maurice Burton, Mwingereza mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa taifa katika mchezo huu, naye alipitia hapo, kisha akaja kuwa na duka lake la baiskeli Streatham. Mzunguko wake una mita 450 hivi na kingo zimeinuka kwa upole, si kama ule wa mbao kule Stratford, wa mita 250, ambao ukisimama chini kwenye kona unaona ukuta.

Wanaoanza wana darasa lao na baiskeli za kukodi. Hazina breki hata moja, na mwanzoni nilidhani wamesahau. Kumbe ndiyo somo lenyewe. Mtu akifunga breki ghafla mbele ya wenzake uwanjani wataangukiana wote, kwa hiyo kila mmoja hupunguza mwendo kwa miguu: husukumi tena, unaipinga pedali kidogo kidogo inapopanda nyuma. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye sauti inayofika upande wa pili wa uwanja, alitupanga kwenye uzio, mkono mmoja umeshika chuma, tukaondoka mmoja mmoja. Mizunguko mitatu ya kwanza nilikuwa nahesabu pumzi. Wa kumi nilikuwa nimesahau kama nina miguu. Nimerudi mara nne, na katika fedha zote nilizotumia kwa ajili ya baiskeli hii, hizo sizijutii hata senti.

Ukishazoea, kuna utamu ambao Phoenix haikuwahi kunipa. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu asubuhi, hospitali iko ng'ambo ya mto Thames. Natoka Peckham, napita Camberwell na Walworth Road, na Elephant and Castle naingia njia ya baiskeli inayokwenda hadi daraja la Blackfriars, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege. Asubuhi hiyo baiskeli iko kimya kabisa. Hakuna tik-tik, hakuna gia inayokwaruza. Na mwendo wote uko miguuni: taa ikiwa nyekundu mbali kule, unazuia kidogo tu, unafika imeshawaka kijani bila kugusa breki. Lami ikilowa unaisikia kwenye nyayo kabla tairi halijateleza. Baridi ya mwezi wa kwanza, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, hilo ni jambo kubwa. Na ni nyepesi. Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, naipandisha begani. Phoenix ya baba ningeiacha chini ikaibiwe.

Sasa kasoro. Ilipofika mikononi mwangu ilikuwa na meno 48 mbele na 16 nyuma. Piga hesabu: 48 kwa 16 ni 3 kamili, maana yake pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara tatu bila kupungua wala kuzidi. Sikuona ubaya. Baada ya miezi mitatu tairi la nyuma likawa na kipara cha upana wa kidole gumba, mahali pamoja tu, kwingine kote lipya. Chanzo ni hiki: ninapokaza miguu kwa nguvu tairi liburuzike, mguu wa kulia huwa mbele daima, na kwa hesabu hiyo ya 3 kamili kipande kilekile cha tairi ndicho kinachokutana na lami kila mara. Kijana mmoja mpeleka vifurushi, tuliposimama pamoja kwenye taa, aliona kile kipara akaniambia nihesabu meno. Badilisha yawe 46 na 17, alisema, hapo vipande vitakavyoguswa vitakuwa 17. Nilifanya hivyo, na tairi la sasa linaisha sawasawa mzunguko mzima. Isitoshe, 48 na 16 ni nzito. Kwa miguu ya mtu anayetoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili na nusu na bado ana kilima cha kupanda, 46 na 17 ndiyo saizi. Unapokwenda kununua, hesabu meno kabla ya kutazama rangi.

Kubadilisha meno hayo ndiko kulikonifikisha kwenye ile habari ya kuvunjika meno yangu mwenyewe. Nilimpa kazi fundi wa duka jingine, ambalo silitaji. Aliifunga sproketi mpya, yaani lile gurudumu dogo la meno la nyuma, kwa nguvu zake zote, akaniambia iko tayari. Siku mbili baadaye nashuka Dog Kennel Hill kuelekea East Dulwich, nazuia kwa miguu kama nilivyofundishwa, ghafla pedali zikawa hazina uzito. Zilirudi nyuma bure, kama kufungua kifuniko cha chupa. Cheni ikalegea ikatoka. Kilichoniokoa ni breki ya mbele.

Usiku ule nilimpigia kwa video mjomba wangu, ambaye ametengeneza baiskeli Ngamiani tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Lete hilo gurudumu karibu na taa."

Nikalisogeza. Akaangalia muda mrefu bila kusema kitu.

"Hapo pana uzi wa pili, kama wa skrubu," akasema. "Mdogo kuliko ule wa sproketi, uko nje yake. Pitisha ukucha uniambie unaelekea wapi."

Nikapitisha. Ulikuwa unaelekea kinyume.

"Ehe. Kama pedali ya kushoto. Hapo kuna nati yake, na hiyo nati haipo."

Hakuwahi kuishika fiksi maishani mwake, na aliona ndani ya dakika mbili kitu ambacho mtu anayeziuza hakukiona. Sproketi hukazwa na miguu yako unaposukuma, lakini unapozuia, miguu hiyohiyo inaifungua. Ndiyo maana juu yake huwekwa ile nati, ambayo ni pete inayofungwa kwa kuzungusha kinyume: sproketi ikitaka kufunguka, inaikaza pete. Bila pete hiyo umekalia baiskeli ambayo itakuachia siku utakayoihitaji zaidi. Ni kipande cha chuma cha pauni chache. Kabla hujalipa, piga magoti nyuma ya gurudumu, kiangalie kwa macho yako na umwambie muuzaji akikaze mbele yako.

Kuhusu breki sitaki tubishane. Kanuni za Uingereza za 1983 zinataka mifumo miwili ya breki inayojitegemea; gurudumu la fiksi linahesabiwa kuwa mmoja, kwa hiyo breki ya mbele ni lazima. Utakutana na vijana waliozing'oa ili baiskeli ionekane safi. Mwaka 2016 mwanamke aliyekuwa akivuka Old Street aligongwa na kijana aliyekuwa juu ya baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele, akafariki. Mwaka uliofuata kijana huyo alifungwa miezi 18, kwa sheria ya 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi. Mimi ni muuguzi, najua kichwa kinakuwaje kikigonga lami. Uwanjani wote mnakwenda upande mmoja na hakuna mtoto anayekimbilia mpira. Barabarani, fiksi isiyo na breki ya mbele usiipande hata ukipewa bure.

Kwa dada zangu wanaovaa kama mimi: nguo ndefu na fiksi havikai pamoja. Kule nyumbani cheni ina kifuniko, na hata pindo la baibui likinaswa unaacha miguu, unashuka, unalichomoa. Hapa hakuna kuacha miguu. Kitambaa kikiingia, cheni inaendelea kukivuta na mguu wako ukiwa humohumo. Mimi navaa suruali, mguu wa kulia naufunga kwa utepe wenye kunata, hijabu fupi nyepesi inakaa vizuri chini ya helmeti, baibui liko kwenye begi na nalivaa nikifika. Kamba za viatu zichomeke ndani. Mtandio mrefu unaoning'inia, uache nyumbani.

Mengine ni madogo. Cheni hukazwa kwa kulivuta gurudumu la nyuma, spana ya 15 tu, na kazi hiyo utaijua kwa siku moja. Iache ilegee kidogo sana, isiwe ngumu kama uzi wa gitaa. Madigadi nunua ya kubandika, la sivyo utafika kazini na mstari wa matope mgongoni. Kufuli langu la chuma la pauni 70 lina uzito kama kilo ya unga, na magurudumu yamefungwa kwa nati, si kwa zile komeo za kufungua kwa mkono, hilo nalipenda. Nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, kwenda na kurudi 3.50, siku 80 za kazi baiskeli ikawa imerudisha bei yake. Nauli zilizobaki zilinunua matairi.

Kuna jambo moja sikulitarajia, nalo ni watu. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, jioni, waendesha baiskeli hukutana chini ya daraja la Waterloo, upande wa kusini wa mto, kisha wanaondoka pamoja kuzunguka mji. Mkutano huo ulianza San Francisco 1992, na London upo tangu 1994. Hakuna kiongozi, wa mbele akikata kulia, wote mnakata kulia. Nilikwenda nikiwa na aibu zangu. Nikakuta wazee wenye baiskeli za mizigo, watoto kwenye viti vya mbele, spika zinapiga muziki, na kundi la watu wa fiksi wamesimama juu ya pedali bila kusogea wala kushusha mguu, mabega yametulia kama mtu anayesikiliza. Mmoja alikuwa na fremu ya chuma ya Kijapani, ya mbio za keirin, zile za kamari zilizoanza Kokura mwaka 1948, mwaka uleule wa Olimpiki ya Herne Hill. Alinieleza kila kiungio kwa upole, mstari kwa mstari, jinsi baba zetu wanavyoeleza mbao za jahazi. Nilirudi Peckham saa nne usiku, tumeongozana sita, na walinisubiri nipandishe baiskeli ngazini ndipo wakaondoka.

Mjomba sasa anataka kuionja. Ana Raleigh yake ya zamani, breki za vyuma, anaipaka mafuta kila Ijumaa kabla ya swala. Ameniagiza kitovu cha gurudumu la nyuma chenye nyuzi mbili, na sproketi, na pete yake, nimletee mwezi wa kumi na mbili. Nimemwambia vitovu vyote nilivyoviona madukani huku vina matundu 32 au 36 ya spoku, na rimu yake ya nyuma ina 40. Akanyamaza, nikamsikia anahesabu kwa sauti ndogo.

"Wewe kilete," akasema. "Nitazipanga."