Arelle na lebo za IFRS: uzoefu wangu wa misimu mitatu

Kama unaandaa taarifa za XBRL, yaani taarifa za fedha ambazo kompyuta inaweza kuzisoma, iweke Arelle kwenye kompyuta yako leo hii. Ni programu huria ya kukagua faili hizo, haina malipo, na imeniokoa.

Kazi yangu ni kuvisha lebo (alama za kompyuta zinazosema kila tarakimu ni nini) taarifa za mwaka za kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Umoja wa Ulaya. Kanuni ya ESEF, ya Umoja huo kuhusu muundo wa taarifa hizi, inataka tarakimu za hesabu kuu za kundi la kampuni zibebe lebo za taksonomia ya IFRS, yaani orodha rasmi ya lebo za viwango vya kimataifa vya uhasibu. Faida yake niliiona nilipopewa taarifa ya Kifini. Kifini sikijui hata salamu, lakini nilipobonyeza tarakimu ya juu ikajitokeza ifrs-full:Revenue, kipindi chake na sarafu. Nikajua haya ndiyo mapato ya mwaka.

Kinachotesa ni alama ya hasi. Msimu wangu wa kwanza mteja aliandika gharama ya mauzo ndani ya mabano, kama tunavyofanya wahasibu wote: (1,250), kwa maelfu ya euro. Programu ya kulipia tuliyokuwa nayo ikayasoma mabano kuwa hasi. Sasa, CostOfSales, lebo ya gharama ya mauzo, yenyewe tayari ni gharama: inawekwa chanya, kisha taksonomia ndiyo inayoitoa kwenye mapato. Ukiiweka hasi, inajumlishwa. Mapato 4,800, faida ghafi iliyochapishwa 3,550, kompyuta inapata 6,050! Ukiutazama ukurasa huoni kasoro, mabano yapo palepale. Arelle ndiyo iliyonionyesha, saa nne usiku, na kesho yake tunawasilisha. Moyo ulinidunda.

Lakini Arelle haitakwambia kwamba umechagua lebo isiyofaa. Mwenzangu aliwahi kuunda lebo mpya ya kampuni kwa kitu ambacho taksonomia ilikuwa nacho, kwa jina tofauti kidogo. Akaiunganisha na lebo pana iliyo karibu nayo, kama kanuni inavyotaka, na ukaguzi wa programu ukapita. Mchambuzi anayelinganisha kampuni ishirini angeikosa tarakimu ile kabisa, na ni kwa ajili yake lebo zimewekwa. Tangu hapo nasoma maelezo ya lebo yenyewe, siishii kwenye jina.

Ujumbe wa makosa wa Arelle umejaa misimbo, mgeni atahangaika wiki ya kwanza. Tena taksonomia ya IFRS hutoka mpya kila mwaka: pakia toleo linalokubaliwa na ESEF kwa mwaka unaoripoti, hata kama kuna jipya zaidi.