Uzoefu wangu na ajenti wa kutoa mboga za majani uwanja wa ndege, Dar

Nasambaza letusi na roketi (majani ya saladi) kwenye hoteli za Masaki na Oysterbay. Masika yakikolea, mzigo wa Lushoto haueleweki, ndipo naagiza Ulaya kwa ndege. Majani hayasubiri makaratasi, kwa hiyo ajenti wa forodha kwangu ni muhimu kuliko hata muuzaji.

Huyu niliye naye sasa swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, kibali cha TPHPA kimeshatoka?" Yaani kibali cha kuingiza mimea, kutoka mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania. Aliyemtangulia alikuwa akisema kibali kitatafutwa mzigo ukishatua. Kibali kinatakiwa mapema, na masharti yake anatumiwa muuzaji ili cheti cha afya ya mimea kitoke huko huko kikiwa kimeyafuata.

Kilichonifurahisha zaidi ni ushuru. Letusi ya Ulaya inatozwa ushuru, na ajenti wa zamani alikuwa anapiga hesabu pamoja na nauli ya ndege. Huyu alinifungulia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Nne: kwa mzigo wa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani ya kutozea ushuru. Tuseme ushuru ni asilimia 25, ankara dola 600 na nauli dola 400. Bima ukiiweka pembeni, ushuru ni dola 150. Ukichanganya na nauli unafika 250! Kwa majani, ambayo nauli yake inakaribia bei ya mzigo wenyewe, hiyo ndiyo faida yote.

Siku ya ukaguzi alisimama na mimi. Mkaguzi alifungua maboksi, akageuza majani kuangalia wadudu upande wa chini, akachungulia mashina kama yana udongo. Yalikuwa safi, kwa sababu ajenti alishamwambia muuzaji akate mizizi yote.

Pia ni mkweli. Aliniambia wazi kwamba letusi ya Kenya ikipitia Namanga na cheti cha uasili wa bidhaa hailipiwi ushuru huo, ingawa cheti cha KEPHIS (mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya) na kibali cha huku bado vinahitajika. Kwa ushauri huo yeye anapoteza kazi ya uwanja wa ndege.

Lawama ninazo mbili. Makadirio yake hayaonyeshi gharama za stoo, unazikuta mwishoni. Na Ijumaa jioni simu hapokei, wakati ndege nyingine zinatua usiku huo huo. Akirekebisha hayo, nampa nyota zote tano.