Pengo la mfupa: kipande cha nyonga au kiunzi cha kauri kilichochapishwa?

Mfupa ukipoteza kipande kikubwa kwa ajali au uvimbe, mara nyingi hauwezi kuliziba pengo lile wenyewe. Njia iliyozoeleka ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, hasa kwenye ukingo wa nyonga. Kwa kuotesha mfupa, bado hakuna cha kuushinda: una seli hai, una protini zinazoamsha ukuaji, na mwili haukatai mfupa wake wenyewe. Ila mgonjwa anaamka na vidonda viwili, na nyonga huweza kuuma kwa miezi. Tena mfupa wa kuchukua una kikomo.

Njia ya pili ni kiunzi cha kauri, yaani fremu ngumu yenye matundu ambayo mfupa mpya hukulia ndani yake. Huanza na picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) za pengo lenyewe. Poda ya hidroksiapatiti au trikalsiamu fosfeti, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa, huchanganywa na gundi iwe nzito kama dawa ya meno, kisha printa huisukuma kupitia sindano, uzi juu ya uzi, kila tabaka likikatiza lililo chini yake. Halafu tanuri, zaidi ya nyuzijoto 1,000: gundi inaungua, chembe zinashikana. Kiunzi husinyaa humo, ndiyo maana huchorwa kikubwa kidogo. Matundu ya mikromita 300 hadi 500 hivi (chini kidogo ya nusu milimita) hupitisha mishipa ya damu. Trikalsiamu fosfeti huyeyuka taratibu na kuupisha mfupa mpya. Hidroksiapatiti hukaa miaka.

Tatizo ni kwamba kauri huvunjika kirahisi. Kwa fuvu au taya, penye umbo la kusumbua, ningechagua kiunzi. Kwa paja linalobeba mwili mzima, bado ningechagua kipande cha nyonga, pamoja na bamba la chuma.