Cherehani ya kona yako ya nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kona yangu ya kushonea ina nafasi ya meza moja na kiti. Iko sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha, na kwa miaka sita imeshapita mikononi mwa cherehani nne. Mbili niliziuza, moja iliungua, moja ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Naandika kwa mtu wa aina yangu: una kazi yako nyingine, jioni na Jumamosi unataka kushona mapazia, dera la mama, begi la kitenge, kupunguza sare za watoto, na mwezi ukiwa mrefu umshonee jirani kwa hela. Kama unafungua duka lenye mafundi wanne, mpangilio wangu ugeuze kichwa chini miguu juu, wala hutakosea.

Nimezipanga kwa swali moja: ikigoma Ijumaa jioni, nani ataitengeneza, na spea zitatoka wapi? Wauzaji hawalipendi swali hili. Wao hupenda kukuhesabia aina za mishono.

1. Cherehani nyeusi ya mguu, baadaye uifunge mota

Ni ileile ya bibi. Kichwa cheusi cha chuma, maua ya dhahabu ubavuni, meza ya mbao, miguu ya chuma na kanyagio pana. Dukani utaikuta kwa jina la Butterfly, la Singer na majina mengine ambayo hujawahi kuyasikia, lakini nyingi ukizifungua ndani ni ndugu wa tumbo moja: muundo wa Singer wa aina ya 15, wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, ambao viwanda vya Asia vimeendelea kuunakili. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ya hii inaingia kwenye ile. Kisanduku cha bobini, sindano, mkanda, springi ya tensheni (mkazo wa uzi), vyote anavyo muuza nyuzi wa mtaani kwenye kikopo chake cha maziwa. Na fundi humkosi, maana karibu kila baraza la fundi nguo lina mtu anayeujua ugonjwa wa mashine hii kwa kuisikiliza tu.

Yangu niliinunua Kariakoo. Nilitajiwa laki tatu na nusu pamoja na meza, nikaondoka nayo kwa laki mbili na themanini. Hiyo ni miaka kadhaa iliyopita, usiende kugombana na mtu kwa ajili yangu.

Kasoro zake hazifichiki. Ina mshono mmoja, wa kunyooka, mbele na nyuma basi. Haina zigizaga. Matundu ya vifungo utayapiga kwa mkono au utanunua kifaa cha kufunga juu yake. Fulana na nguo zote za kuvutika huisumbua: inaruka mishono, na nguo ikivutwa uzi unakatika. Halafu kuna miguu yako wewe. Wiki ya kwanza utakanyaga gurudumu lirudi nyuma, uzi ukatike, ujione mjinga mbele ya watoto. Dawa yake ni kutoa uzi, kuinua kiguu kinachobana kitambaa kisiguse meno yanayokisukuma, na kukanyaga bila kitambaa huku unatazama tamthilia. Mimi siku ya tatu miguu ilishajua yenyewe, na tangu hapo naweza kushona pole kabisa, mshono mmoja mmoja kwenye kona ya kola, jambo ambalo mota nyingi za bei rahisi haziliwezi.

Ukichoka kukanyaga, mota ndogo ya pembeni inauzwa kivyake pamoja na kanyagio la umeme. Inakaa nyuma ya kichwa, karibu na gurudumu, inashikwa na skrubu moja na mkanda mwembamba. Papasa kabla hujalipa uone kama kichwa kina tundu la skrubu hiyo, maana vipo visivyo nalo na utaanza kutafuta mtu wa kuchoma. Umeme ukikatika, unarudisha mkanda wa mguu na kazi inaendelea. Na kwa anayependa kudarizi, hiihii inafaa: meno yanashushwa au kufunikwa, kiguu kinatolewa, kitambaa kinakazwa kwenye fremu ya duara, kilichobaki ni mikono yako.

2. Ya umeme ya nyumbani, yenye mishono michache

Kama sehemu kubwa ya kazi yako ni fulana, nguo za watoto na vitu vya lastiki, hii ipande iwe ya kwanza. Ina zigizaga, inapiga tundu la kifungo, ukiiwekea sindano yenye ncha ya mviringo inashona kitambaa cha kuvutika bila kelele. Inaingia kabatini wageni wakija.

Tafuta yenye fremu ya chuma ndani ya ganda la plastiki. Inyanyue: nyepesi kama begi tupu la shule, irudishe. Singer 4423, kwa mfano, ina aina 23 za mshono na kasi ya mpaka mishono 1,100 kwa dakika, na hiyo kwa sebuleni ni kasi ya kutosha kujitoboa kidole. Janome na Brother nao wana za kundi hili. Katika mishono yote niliyowahi kuwa nayo kwenye mashine ya namna hii, nilitumia minne. Yale majani na bata bata niliwaonyesha wageni mara moja, yakaishia hapo.

Zenye kioo na vitufe ziache kwanza. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, inayoumia ni bodi, na bodi si spea ya kwenye kikopo cha maziwa. Hata zile za kuchagua mshono kwa kuzungusha kirungu, nyingi zina gia mojawapo ya plastiki. Ikisagika utasubiri mtu anayesafiri. Ndiyo maana imekuwa ya pili.

3. Ya kiwandani

Mtaani inaitwa Juki hata kama imeandikwa jina jingine kabisa, kama vile dawa yoyote ya meno inavyoitwa Kolgeti. Juki yenyewe ni kampuni ya Japani, na DDL-8700 yao imepangiwa kasi ya mpaka mishono 5,500 kwa dakika. Linganisha na ile 1,100. Mshono wake ni mzuri kuliko wa zote kwenye orodha hii, sibishi. Jinzi iliyokunjwa inaipitia kama karatasi.

Lakini huo nao ni mshono wa kunyooka tu, kwa bei inayonunua zaidi ya mbili za mguu. Meza yake kwa kawaida ni futi nne kwa inchi 20, ikishawekwa haihami. Sindano zake ni za mviringo shinani, si zile zenye ubapa upande mmoja za mashine za nyumbani, kwa hiyo hifadhi yako ya sindano haina kazi. Na inaoga mafuta: chini ya kichwa kuna karai la mafuta linalotakiwa kujaa mpaka alama kabla hujaiwasha. Mtu aliyeiwasha ikiwa kavu kwa furaha ya upya ameitia uzee siku hiyohiyo.

Ukiamua kuichukua, dai mota ya servo. Ile ya klachi inazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata ukiwa umekwenda jikoni kuepua wali, na inavuma. Servo hulala mpaka ukanyage, na ina kirungu cha kupunguza kasi, kitu ambacho mgeni wa mashine hizi anakihitaji kuliko kingine chochote.

4. Mtumba wa nje

Hii ingeweza kuwa ya kwanza, na kwangu ndiyo iliyoungua. Mwaka wangu wa pili nilipata ya Kijapani, nzito, rangi ya maziwa, safi hata kwenye meno. Muuzaji akanijaribishia palepale, ikaimba. Nikapanda nayo bajaji nimeipakata kama mtoto. Nyumbani nikaichomeka ukutani, ikashona kama sentimita kumi na tano kwa kasi ambayo sijaiona tena maishani, halafu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua na moshi mwembamba kwenye matundu ya ubavuni. Kule dukani ilikuwa imechomekwa kwenye transfoma iliyokaa chini ya meza. Sikuambiwa, nami sikuigeuza nikasoma kibandiko chake: 100V.

Nikaipeleka kwa mzee anayetengeneza mashine karibu na kituo chetu cha daladala.

"Shikamoo mzee. Imekufa hii?"

"Marahaba binti." Akaifungua, akanusa, akacheka peke yake. "Haijafa. Kilichokufa ni mota. Kichwa kizima hiki."

Nilikosa mota ya kukaa mahali pale, nikamwachia kwa bei ya chuma. Miezi miwili baadaye nikaikuta barazani kwake inashona suruali, mota imefungwa kwa nje na kipande cha bati. Aliniamkia kabla sijamwamkia.

Kwa hiyo: geuza, soma. Japani wanatumia volti 100, Marekani na Kanada 120, sisi 230. Cherehani aliyokutumia shangazi kutoka Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye mashine. Iliyotoka Uingereza, Muscat au Dubai haina balaa hilo. Na kwenye mtumba usikubali kukosa kanyagio lake. Kuna ambayo plagi yake ina umbo lake peke yake, na kulitafuta ni kama kutafuta kiatu cha mguu mmoja.

5. Kile kidogo cha betri

Kinachoshikika kiganjani au kukaa mezani kama mchezo wa mtoto, kinatumia betri nne au adapta. Usinunue. Hata pindo la pazia litakushinda nacho.

Kabla hujatoa hela

Nenda na mfuko wako: kipande cha kitenge, jinzi iliyokunjwa mara nne, kipande cha fulana, na nyuzi za rangi mbili. Kitambaa cha muuzaji ni kile kigumu chenye wanga, hata mashine mgonjwa inakishona vizuri.

Anza kwa mkono. Zungusha gurudumu taratibu mzunguko mzima. Liwe laini pote. Likikaza mahali pamoja, kuna kilichopinda au uzi ulionasa ndani. Sindano ikiwa chini, isukume kwa kidole kushoto na kulia, isicheze. Kisha pitisha karatasi ya daftari yenye mistari bila uzi, bila kuishika: matundu yafuate mstari. Yakienda upande, meno yamelika au kiguu kimekaa upogo.

Ndipo utie uzi, mwekundu juu, mweupe chini, ushone vipande vyote vitatu, kila kimoja kirefu kama mkono wako kutoka kiwiko. Geuza upande wa chini. Ukiona uzi mwekundu umetokeza vitanzi vitanzi, tensheni ya juu imelegea. Mwambie airekebishe unaona. Akiweza, umejifunza bure. Akisema "ukifika nyumbani itakaa sawa", haitakaa. Kazi hii inachukua dakika ishirini. Muuzaji akinuna, kuna duka la pili yake.

Hela inayobaki

Wengi humalizia yote kwenye mashine, wakakatia kitambaa kwa mkasi wa jikoni. Ukinunua ile ya kwanza kwenye orodha yangu badala ya ya tatu, bakaa inatosha mkasi mzuri usiokata kingine ila kitambaa, taa ya mezani yenye shingo ya kukunja, futi ya kupimia isiyovutika, pakiti za sindano namba 11, 14 na 16, na kichupa cha mafuta meupe ya cherehani. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda kama gundi. Kwa sisi wa Pwani, tone moja kwenye kila tundu kila baada ya siku chache za kazi, na uifunike kwa khanga kuukuu, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu na kutu inaanzia kwenye kile kipini cha kiguu.

Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, subiri mwaka. Kunja pindo mara mbili, au upeleke vipande kwa mwenye ovaloki mtaani.

Ukiwa nyumba ya kupanga mnayochangia LUKU (umeme wa kulipia kabla), jiandae kwa maneno. Mota ya wati 100 inabidi izunguke saa kumi mfululizo ndiyo imalize uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja ikiwa moto muda wote. Na kushona bila pasi hakuna, kila mshono unapigwa pasi kabla ya unaofuata. Mimi nilikubaliana na mama mwenye nyumba niongeze mchango wangu kidogo, na nimshonee foronya za Idi.

Ule mkasi niliuandika jina kwa rangi ya kucha, nikautundika juu ya msumari. Jumapili iliyofuata nikawakuta watoto wanakatia nao boksi la televisheni, wanatengeneza basi.