Rimu za 15 au 17 kwa Honda Fit iliyoshushwa?

Ukishusha Fit ya kizazi cha kwanza iwe karibu zaidi na ardhi, ubishi huanza hapa: tairi za 185/55R15 au 205/40R17? (Namba hizo ni upana wa tairi kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi.) Rimu za saizi zote mbili hupatikana kwa 4x100, yaani tundu nne za boliti kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100.

Kwa mwonekano, 17 inashinda. Inajaza tundu la madigadi vizuri mno. Kwenye kona nayo haiyumbi.

Lakini tazama ubavu wa tairi. Ya 15 ina takriban milimita 102, ya 17 ina 82 tu. Ukiingia shimo lenye kingo kali, hizo milimita 20 ndizo zinazookoa rimu isipinde na ubavu usitoke nundu. Halafu 205 ni pana zaidi: ukibeba watu nyuma, inaweza kusaga madigadi. Zungusha usukani hadi mwisho, gari likiwa na mzigo, kabla hujalipa.

Gharama? Tairi za 15 kwa kawaida ni nafuu.

Anayepita lami safi na kukagua upepo mara kwa mara, 17 itamfaa. Mwenye njia ya vumbi na matuta, mimi ningemsihi abaki na 15.

Vyovyote vile, tundu la katikati la rimu likizidi milimita 56.1, ambacho ni kipenyo cha habu ya Fit, weka ringi za habu za kuziba nafasi inayobaki, la sivyo usukani unaweza kutetemeka.